Mihogo ya Mpakani

Muda wote ambao Sabine na mama mkwe wake walikuwa hawasemeshani, mdomo wao ulikuwa mimi. Kazi hiyo sikuiomba. Ua wangu umepakana na ua wa Sabine, na mama mkwe huyo, bibi Marcelina, akitoka soko la Minago hana njia nyingine ila mlangoni kwangu. Basi kila mmoja akiwa na neno na mwenzake analitua kwangu kama mzigo wa chumvi na kwenda zake. Mama Samy mwambie yule hivi, Mama Samy mjibu yule vile. Nami nililifikisha, nikiisha kulipunguza makali, maana kama ningelifikisha lilivyotoka wangeshazikana.

Ugomvi wenyewe ulizuka kwenye sherehe ya ubatizo, mbele ya wageni na soda zao. Marcelina alisema kwamba mjukuu wake Aksanti amekonda kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu mama yake anampambia chakula badala ya kumlisha. Sabine ni Mukongomani wa Uvira, mtu wa maneno machache, lakini hayo machache yana miiba. Akamjibu kwamba kama hapendi chakula cha nyumba hii, arudi kwao Tanzania.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Marcelina alizaliwa hapa hapa kando ya ziwa, akakimbia vita akiwa mtoto, akakulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akazaa kambini, akarudi na mvi. Neno hilo la kurudi Tanzania aliwahi kuambiwa na watu waliokuwa wamekalia shamba la baba yake. Kuambiwa tena na mke wa mwanawe, na huyo mke naye mgeni wa kuvuka ziwa! Alijifunga kitenge chake akaondoka bila kuaga. Mwanawe Yonasi anafanya kazi kwenye mashine za mawese kule Nyanza-Lac na hurudi mwisho wa juma. Yeye anapenda amani mno, kiasi kwamba alijifanya hajaona kitu.

Sasa niseme kweli juu ya hicho chakula kilicholeta vita. Mimi sijaona mwanamke anayefunga chakula cha mtoto wa shule kama Sabine. Wengine tunamtupia mtoto kipande cha mkate au ndizi moja, tunasema Mungu atajazia. Yeye alifundishwa na akina mama wa kituo cha afya kwamba kila kibakuli kiwe na cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kukinga magonjwa, naye akashika somo hilo kama Amri Kumi. Ndagala anawakaanga mpaka wanalia mdomoni, halafu anawakamulia ndimu. Lengalenga, mchicha wetu, anazikatakata ndani ya yai, anakunja, anakata vipande vyembamba kama riboni. Parachichi, karoti za kutoka Bugarama, kila kitu kimekaa mahali pake na rangi yake. Alikuwa akisema kwamba mtoto anaanza kula kwa macho. Alimfungia na Samy wangu, mimi nikimpa mawese ya kukaangia, na Samy ni mtoto ambaye ukichelewa anakula na mfuniko.

Aksanti ndiye aliyekuwa msumbufu. Nyumbani alikuwa anadonoa donoa tu. Lakini kibakuli cha shule kilikuwa kinarudi kitupu, na Sabine alijipa moyo kwa hilo. Alikuwa ananionyesha kile kibakuli kitupu juu ya ua kama cheti.

Jioni moja Sabine akiwa kwenye maombi, kikapu kiliachwa mbele ya mlango wake, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na mihogo minene, udongo bado mbichi. Hapakuwa na neno wala salamu. Lakini kikapu kile tunakijua wote, kilisukwa Tanzania, kina mstari wa zambarau. Marcelina ndiye aliyekileta, na alichagua saa ambayo hakuna mtu, maana kiburi nacho kinatembea kwa kunyata.

Sabine alipokiona alisimama muda mrefu. Halafu akalia. Aliniita uani akaninong'oneza kwamba Mama amesamehe. Alivyofurahi, nikasahau kumtania.

Usiku huo huo aliwaza atumie vipi zawadi ile ili mwenyewe ajue imepokelewa kwa heshima. Kwao Uvira mihogo hulowekwa, ikaozeshwa, ikatwangwa. Lakini nyumbani kwa Marcelina alikuwa ameona mara nyingi watu waliorudi kutoka Tanzania wakila muhogo mbichi uliochemshwa tu, na chai. Akasema atapika kama wao wanavyopika. Kulipopambazuka aliuchemsha, akaukata vidole vidole, akaukaanga kwa mawese yangu, akaupaka asali na kuuviringisha kwenye karanga za kutwanga. Harufu yake iliniamsha. Akavijaza vibakuli viwili. Yeye mwenyewe hakuonja hata chembe, kwa sababu ilikuwa siku ya kufunga kwa kanisa lao, na Sabine akifunga hata mate anayahesabia dhambi.

Watoto wakaenda shule. Jua likapanda. Mimi nilikuwa napima mawese mlangoni nilipomwona bibi Marcelina anakuja, na mgongoni ana mzigo wa majani mapana yale ya kufungia chikwange, mkate wa muhogo uliolowekwa.

Alinisalimu amahoro, akatua majani. Sura yake ilikuwa na haya kidogo, kama msichana aliyekuja kwa wakwe. Sabine alikuwa upande wa pili wa ua, anasugua sufuria, anasikia kila kitu. Bibi akaniambia mimi nimuulize mkwe wake mihogo ameiloweka wapi, maana amemletea majani ya kufungia, na kama ndoo haitoshi yeye anayo nyingine.

Nikageuka nikamwambia Sabine. Sabine akanijibu mimi, akitabasamu kwenye sufuria, kwamba nimwambie Mama hakuloweka, amepika ya kuchemsha kama bale ba Tanzania banavyokula, na watoto wameichukua shuleni.

Sikuwahi kumfikishia. Bibi alikuwa ameshasikia. Alitembea moja kwa moja mpaka uani, akamtazama mkwe wake usoni, mara ya kwanza tangu ubatizo.

"Sabine, uliionja?"

"Niko mu kufunga, Mama. Sikuonja."

"Ile ni ya mpakani."

Mimi nilielewa kabla ya Sabine. Watu wenye mashamba huku wanapanda muhogo mtamu katikati na muhogo mchungu pembezoni, kwa ajili ya wezi na nguruwe. Mwenye shamba anajua mstari wake. Ule mchungu mwenyewe hauli mpaka umelala majini siku zake, ukalainika, ukatoa sumu yote. Ukishafanyiwa hivyo, ndio unatoa chikwange nzuri kuliko zote. Na Marcelina alikuwa amemchagulia mkwe wake mihogo hiyo hiyo makusudi, akijua Mukongomani hali muhogo usiolowekwa. Alitaka kumpa kitu cha kwao. Sabine naye, ili kumpendeza, akaupika kama wa kwao bibi. Kila mmoja alikwenda kumtafuta mwenzake nyumbani kwake, wakapishana njiani. Neno moja tu lingetosha, na neno hilo hawakuwa nalo.

"Akina nani wameibeba?" Bibi aliuliza.

"Aksanti na Samy," Sabine akasema.

Nikampigia mwalimu wao, Leonsi. Simu imezimwa, na nani atashangaa, umeme ulikatika tangu juzi. Nikapiga tena kama mjinga. Tukakimbilia barabarani. Vijana wa pikipiki wamekaa juu ya pikipiki zao kavu, lisanse, petroli yenyewe, hakuna mji mzima, wanacheza karata. Nilimshika Hamidou wa baiskeli kwa shati lake nikamwambia shuleni, watoto wamekula sumu. Hakuniuliza bei. Alimpigia mluzi mwenzake Alimasi. Nilipanda nyuma ya mmoja, bibi akapanda nyuma ya mwingine, na Sabine hakungoja baiskeli ya tatu. Alivua sandali zake akakimbia.

Nilikuwa na hasira, na sifichi. Nilimtukana Sabine moyoni kwa asali yake, kwa karanga zake, kwa ufundi wake wote. Mtoto angeuma muhogo mchungu mtupu angeutema. Lakini nani anatema asali? Nikamtukana na bibi kwa kikapu chake kisicho na salamu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo ulikuwa unakwenda kumwangukia Samy wangu, ambaye hana ugomvi na mtu.

Bibi kwenye baiskeli ya pembeni alikuwa anaongea peke yake. Nikadhani anasali. Kumbe alikuwa anasimulia, hajui anamsimulia nani.

"Kule kambini walikuwa ndugu wawili," alisema. "Asubuhi walicheza mpira wa matambara. Jioni tukachimba makaburi mawili."

Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia hivyo, mtu aliye sawa na mama yangu.

Kabla ya kufika shule kuna mahali ziwa limemeza barabara. Mwaka huu maji yamepanda yakaingia mpaka kwenye nyumba, na baiskeli haipiti. Tukashuka. Maji yalitufika mapajani, chini ni matope na mawe. Marcelina aliingia akayumba, kitenge kikamzingira miguu. Sabine alikuwa ametufikia, anahema, midomo imemkauka kwa funga na kwa mbio. Alimshika mkono mama mkwe wake bila kumtazama, akamvuta. Mimi niliwapita. Sikumngoja mtu.

Tulianza kusikia kelele za watoto kabla ya kuliona geti. Kelele hizo nazijua, ni za rekreasyo, mapumziko ya kula. Maana yake vibakuli vilikwisha funguliwa.

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake na fimbo yake. Akasema iko amri ya direkta, muzazi haingii bila ruhusa. Bibi Marcelina, anayechuruzika maji mpaka kifuani, aliisogeza ile fimbo kwa mkono kama mtu anayesogeza tawi, akaingia. Tukaingia nyuma yake.

Samy nilimwona mara moja. Amekaa kwenye kivuli cha ukuta, kibakuli kiko magotini, anaramba vidole. Shavuni ana asali. Kibakuli ni kitupu, kinang'aa.

Nikamuuliza kama amekula yote. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama haikuwa chungu. Akasema ndani ilikuwa chungu kidogo, lakini alikuwa anaichovya kwenye asali iliyobaki chini. Alinijibu kwa heshima kabisa, akidhani nimemletea nyingine.

Sabine alikuwa amempata Aksanti nyuma ya darasa. Nilimsikia anapiga ukelele, nikajua naye amekuta kibakuli kitupu. Nilimbeba Samy mgongoni kama kitoto nikaenda. Kibakuli cha Aksanti kilikuwa chini, hata kidole kimoja cha muhogo hakuna. Sabine amepiga magoti mbele ya mtoto, amemshika mabega, anamuuliza amekula mihogo mingapi. Mtoto anamtazama mama yake, anamtazama bibi yake, wote wawili wamelowa, wamesimama pamoja, kitu ambacho hajakiona siku nyingi. Mwalimu Leonsi alikuja akamwambia kwa upole aseme, hakuna atakayemchapa. Bado akakaza mdomo.

"Mutoto wangu, sema," Sabine akamwomba. "Umekula?"

Aksanti alianza kulia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa daftari, akatoa kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa uzi. Alimpa bibi yake. Ndani mlikuwa na mihogo yote, vidole vyote, asali imeganda juu ya karanga.

"Sikukula. Iko ya Bibi," akasema. "Kila siku ninamuwekea."

"Kila siku?" Sabine akauliza.

"Nikitoka masomo ninapita kwake. Ninamuambia Mama ndiye ametuma."

Mgongoni mwangu Samy alisema kwamba kichwa kinamzunguka, kisha akanitapikia shingoni.

Kituo cha afya hakiko mbali na shule. Hamidou alikuwa ameivusha baiskeli yake majini kichwani, akatukuta getini. Nilikaa nyuma na Samy kifuani, Hamidou anakanyaga, na Samy anazidi kuwa mzito. Nilimwita jina lake njia nzima. Mara ya kwanza aliitika. Kisha akawa anaitika kwa kuguna, kisha hakuitika. Muuguzi aliniuliza kitu kimoja tu, amekula nini, nami nikasema muhogo mchungu, haukulowekwa. Alinichukulia mtoto mikononi. Wakamtundikia maji, wakaita ambulansi ya Rumonge, na ambulansi, namshukuru Mungu, ilikuwa na lisanse.

Ya hospitali siwezi kuyapanga vizuri. Nakumbuka mlango mweupe na daktari aliyenitoa nje. Nakumbuka benchi la mbao ukutani. Baadaye walifika Sabine na bibi, Aksanti wamemwachia mwalimu, kwa njia gani sikuuliza, wakakaa huku na huku, mimi katikati. Nilitaka kuwapiga wote wawili. Pia sikutaka waondoke. Sabine alikuwa bado hajala wala kunywa, na miguu yake ilikuwa imechanika.

Nilimwambia Mungu kwamba akiniachia Samy sitalalamika tena juu ya ulafi wake. Maombi mengine sikuwa nayo.

Jua lilikuwa linaelekea Congo daktari alipotoka. Akasema mtoto anapumua vizuri, amefungua macho, tumemuwahisha. Tungekaa nyumbani tukingoja jioni, asingekuwa anaongea hivi. Akaongeza kwamba mgonjwa anauliza kama kuna chakula.

Nililia kwa sauti, hapo hapo, sikumwonea mtu haya. Nikaingia nikamshika miguu, yenye joto, yenye matope. Nilipotoka niliwakuta wale wawili wamekaa vile vile, na nafasi yangu katikati inanisubiri. Nikakaa. Halafu bibi Marcelina akakohoa, akanigusa goti.

"Mama Samy, muulize mkwe wangu..."

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Mimi mdomo wangu umechoka."

Nikanyanyuka nikaenda kusimama kwenye nguzo. Si mbali, bado nasikia. Benchi lilibaki na pengo katikati. Bibi alikuwa bado ameshika kile kifurushi cha jani, hajakiachia tangu shuleni.

"Vile vyakula," akaanza, akimtazama Sabine. "Ndagala wa ndimu. Lile yai lenye mboga. Nilikuwa nakula jioni peke yangu nikisema, mtoto wa watu amejutia. Ndiyo nikaenda kuchimba." Akakipapasa kifurushi. "Si wewe uliyekuwa unanitumia?"

Nilimwona Sabine anavyolishika jibu. Angesema ndiyo, mambo yangekwisha pale pale, na mtoto asingemsaliti, maana uongo huo aliuanzisha yeye. Mimi, mpunguza makali, ningesema ndiyo bila kupepesa. Niliomba aseme ndiyo.

"Hapana, Mama," Sabine akasema. "Sikukutumia hata ndagala mumoja. Nilikuwa na hasira. Vyakula vyote vilikuwa vya Aksanti, alikuwa anajinyima."

Bibi alikitazama kifurushi. Alikifungua, akavitazama vile vidole vya muhogo vilivyopangwa vizuri, akakifunga tena, akaukaza uzi. Nikajua sasa ataondoka, na safari hii hatarudi.

"Ndiyo maana amekonda," alisema. "Nimekuwa nikimla mwenyewe."

Sabine alisogea akakaa pale palipokuwa pangu. Alikichukua kile kifurushi kwenye mikono ya mama mkwe wake, akaenda akakitupa kwenye shimo la takataka, akarudi akakaa pale pale.

"Kesho nitafunga vibakuli vitatu," akasema. "Cha tatu nitakileta mimi mwenyewe, na nitapiga hodi."